Sahani za RTC

Mnunuzi alitoka Bariadi mjini kwa pikipiki, na matenga mawili matupu nyuma. Alipofika Ngulyati aliingia sebuleni kwa marehemu bibi yangu, akafungua kabati la vyombo, akatoa sahani moja ya udongo, nyeupe, yenye maua ya bluu ukingoni. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri mwekundu wa maandishi ya Kichina, na chini yake maneno "Made in China".

"Ya Mchina hii," akasema. "Ingekuwa ya Mwingereza tungeongea vizuri. Nakupa 1,500 kila moja."

Zilikuwa sahani 19, moja imemeguka. Shangazi akanitazama. Bibi hakuacha vitu vingi vya kuuzika, na deni la matibabu yake ya mwisho lilikuwa bado halijaisha. Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nyumbani wanaamini najua bei ya kila kitu. Sikujua. Nikamwomba yule bwana atupe siku mbili.

Siku hizo mbili nilizitumia kumuuliza shangazi swali ambalo tungemuuliza bibi mwenyewe, tungekuwa na akili: hivi hizi sahani zilitoka wapi?

Kumbe zilitoka RTC, Shinyanga. Kwa msomaji aliyezaliwa juzi: RTC zilikuwa kampuni za serikali za biashara za mikoa, na enzi hizo sisi tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu imekuja mwaka 2012. Shangazi anakumbuka ilikuwa 1975, baada ya babu kulipwa fedha za pamba. Mwaka mmoja kabla, Operesheni Vijiji ilikuwa imewang'oa kwenye eneo lao la zamani. Nyumba mpya haikuwa na hata mlango wa maana, lakini bibi alitaka sahani, tena 24. "Alisema tumehamishwa kama mizigo," shangazi akaniambia, "lakini mgeni akija asitukute tunakula kama mizigo."

Sasa, sahani za Kichina zilifikaje duka la serikali Shinyanga? Hapa ndipo hadithi ya kabati letu inapokutana na hadithi ya nchi. Kati ya mwaka 1970 na 1975 China ilikuwa inatujengea TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo usio na riba. Lakini mishahara ya vibarua wetu na gharama nyingine za hapa nchini hazikulipwa kwa Yuan. Zililipwa kwa shilingi, na makubaliano yalikuwa kwamba China ilete bidhaa zake kwa mkopo, mashirika ya biashara ya serikali yaziuze, na fedha zitakazopatikana ziende kwenye reli. Ndiyo maana miaka ile nchi ilijaa chupa za chai, vitambaa na vyombo vya Mchina.

Yaani mwanamke wa Ngulyati, ambaye hakuwahi kupanda treni ya TAZARA wala kuona Mlimba au Makambako, aliuza pamba, akanunua sahani, na shilingi zake zikaingia kwenye mfuko uliolipa waliotandika mataruma. Vitabu vinataja viongozi watatu: Nyerere, Kaunda na Mao. Wanunuzi wa sahani hawatajwi.

Mwaka 1983 sahani zilikaribia kupotea. Nchi ilikuwa imekauka bidhaa, na Waziri Mkuu Edward Sokoine akatangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Kuwa na vitu vingi kuliko majirani kukawa hatari. Bibi, mwenye sahani 24 na hana duka, aliogopa kuitwa mlanguzi. Akazifunga kwenye khanga, akazifukia ndani ya kihenge, chini ya mtama. Tatu zilivunjika humo. Nyingine mbili tulizivunja sisi wajukuu.

Nikarudi kwenye lile neno, "ya Mchina". Mnunuzi alilitamka kama kasoro. Lakini kwa wenyeji wa pwani, kwa karne nyingi, lilikuwa sifa. Kaole na Kunduchi, wenye uwezo walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya wapendwa wao, yakae hapo yang'ae. Ukienda leo utaona mashimo ya mviringo: mengi yamebanduliwa. Na sheria haiwezi kutusaidia sisi wa kabatini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sahani ya RTC imechelewa zaidi ya miaka mia moja. Mlinzi wake ni sisi tu, na sisi tuna deni.

Mnunuzi aliporudi nilimsimulia yote: pamba, reli, kihenge. Alisikiliza kwa adabu, akanywa chai yake ikaisha.

"Historia nzuri, mwandishi," akasema. "Basi nitaongeza mia tano."

Shangazi alikubali kabla sijafungua mdomo. Sahani 18 kwa shilingi 2,000, jumla 36,000. Ile iliyomeguka aliikataa. Nilimwuliza shangazi usiku ule kama haimuumi. Akasema, "Mama alizinunua ili tusionekane watu wa kudharaulika. Tukidaiwa mlangoni kwake, sahani zitatusaidia nini?"

Sina jibu la kumshinda. Lakini najua kwamba bila yale maswali ya siku mbili, zingeondoka kama vyombo vya Mchina tu, na pamoja nazo mchango wa bibi kwenye reli. Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba usiuze. Uza, kama shida imefika. Ila kabla tenga halijafungwa, igeuze sahani, soma muhuri, kisha mtafute mzee aliyekuwepo siku iliponunuliwa.

Iliyomeguka ninayo mimi. Naweka funguo.