Mhitimu Tuliyemtaka: Kutoka Jando hadi Elimu ya Amali

Kabla ya shule za serikali, jamii nyingi za Tanganyika zilimpima kijana kwa mwenendo wake mbele za watu. Katika jando na unyago alifunzwa adabu, ustahimilivu na wajibu wa mtu mzima. Kazi aliipata kwa kuitenda, kama mwana wa mhunzi alivyoanza kwa kuvukuta moto wa baba yake. Pwani, chuoni, mtoto aliongezewa kusoma Kurani na kuandika.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, haja yao kubwa ilikuwa makarani, wakalimani na maakida. Ufundi nao ulifundishwa, lakini kalamu ndiyo iliyompa mtu cheo, na heshima hiyo ya kalamu ikaota mizizi.

Waingereza walirithi hali hiyo. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilipita Afrika Mashariki ikihimiza kilimo, afya, ufundi na malezi ya tabia. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Tabora, kwa wana wa machifu. Wazazi wengi waliuona ubaguzi uliojificha humo: jembe kwa mwana wa mkulima, ofisi kwa wateule. Siwalaumu waliolikataa jembe hilo.

Uhuru ulirithi kiu ya ofisi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka mhitimu mwenye akili ya kudadisi, anayejifunza kwa wengine bila kuwaiga tu, anayejiamini na kushirikiana na wenzake. Naiona hiyo kuwa picha kamili kuliko zote tulizowahi kuchora. Shuleni, hata hivyo, mengi yaliishia shambani. Aliyechelewa namba ya asubuhi alipewa jembe na kupimiwa eneo la kulima. Chombo kilichokusudiwa kufundisha heshima ya kazi kikawa adhabu. Azimio la Musoma la chama tawala, la 1974, liliagiza maendeleo ya kila siku yahesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtihani ukabaki mlango mwembamba.

Mtaala wa 2005 ulileta lugha ya umahiri katika madarasa yaliyofurika wanafunzi na yenye uhaba wa vitabu. Sasa Sera ya Elimu toleo la 2023 imeweka miaka kumi ya elimu ya lazima, na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ulianza Januari 2024. Utahitaji karakana, vifaa na walimu wa fani. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hodari asizuiwe kuuchagua: mkondo huu ukigeuzwa fungu la walioshindwa, tutakuwa tumerudi mwaka 1925.