Mkuki wa Mbega na Gobore la Semboja

Apandaye Kwamkoro, penye msitu na mashamba ya chai katika Usambara ya mashariki, akamsikia mkulima akinung'unika kwamba nguruwe wamemmalizia mihogo, atatambua kwamba mtu huyo, pamoja na ghadhabu zake zote, haitamani bunduki ila kwa kazi hiyo moja tu. Ilhali Marekani, ambako Katiba iliongezewa ibara ya silaha mwaka 1791, bunduki huhesabiwa kuwa haki ya raia, na Oman, walikotoka masultani wa Unguja, wanaume huicheza sikukuu na arusini, nayo ni pambo la heshima kama jambia kiunoni.

Sababu, kwa huku kwetu, imo katika tarikhi. Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, asimulia jinsi Mbega, msasi aliyetoka Nguu, alivyopata ufalme wa Usambara kwa mbwa na mikuki: aliua nguruwe walioharibu mashamba, nyama akawagawia watu, nao wakamtawalisha. Silaha ilikuja, basi, na kitoweo mkononi.

Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa uzao wa Mbega, ambaye mmisionari Krapf alimzuru Vuga, mji wake mkuu, mwaka 1848, alihofiwa kwa mvua zaidi kuliko kwa baruti. Lakini mwanawe Semboja alikwenda kukaa Mazinde, bondeni, penye njia ya misafara ya Pangani, ambako pembe zikishuka pwani magobore yalipanda bara. Na Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga kikarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu, huku bunduki zikiwa kwa ami yake Semboja. Yaliyofuata yajulikana: Vuga ilitekwa, Wabondei waliokuwa chini yake wakaasi katika fitina iitwayo Kiva, na jamaa wakauzana, kwa kuwa atakaye baruti zaidi sharti apate mateka wa kuilipia. Nadhani hapo ndipo bunduki ilipopoteza heshima yake milimani, kabla hata Mdachi hajafika.

Mdachi akaja na bunduki zilizo bora zaidi, na Mwingereza baada yake, kila mmoja akihifadhi silaha kwa askari wake na kuwabana raia kwa vibali. Baada ya uhuru desturi ya kibali ilibaki, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 yaendelea kudai leseni.

Nguruwe hawajui leseni. Usiku wangali wakishuka kutoka msituni, naye mkulima wa Kwamkoro huwangoja kwa mbwa, mkuki na debe la kupiga, kama kwamba Semboja hakupata kuzaliwa.