Manamba, namba ipi?

Najua nimepotea, testi zilinibana. Leo nimetoka leksha ya historia nikiwa sina hata hamu ya kula, ngoja niwahadithie.

Sisi tuliokulia Mkata, pale njia panda ya kwenda Handeni, "manamba" lilikuwa tusi letu la kila siku. Mtoto akija na kaptula iliyochanika nyuma, huyo manamba. Siku moja nikamtupia mdogo wangu hilo tusi, babu yupo pale anatia mpini jembe. Akanyanyua kichwa, akaniuliza taratibu, "Namba ipi?" Nikadhani hakusikia vizuri. Nikacheka, nikakimbia zangu.

Kumbe manamba ni "namba" tu, iliyowekewa "ma" mbele! Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62 tu. Kwa hiyo 62 (hebu fikiria) yakaanza mashamba yote yale mnayoyaona mkipita Korogwe na Muheza. Shida ikawa watu wa kuukata. Wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao, wakachomwe miiba kwa ujira ule kwa nini? Basi wakatafutwa wa mbali: Waha, Wabena, Wanyamwezi, Warundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyodumu mpaka 1965. Ukiandikishwa unapewa namba, unapakiwa treni, halafu lori, na huko uendako namba ndiyo wewe. Walter Rodney, aliyewahi kufundisha hapa hapa Mlimani, aliandika juu ya watu hawa pamoja na Tambila na Sago.

Babu alikuwa Muha wa Kasulu. Nyumbani tuliambiwa tu kwamba "alikuja na kazi", akaoa Mzigua, akapata shamba Mkata. Basi, hadithi imeisha.

Na kuna hili la kipande. Babu alitufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Ukifika 30 anapiga kofi, "Kipande kimejaa!", anakukatia muwa. Miaka yote mimi najua kipande ni kipande cha muwa! Leo ndo nasikia kipande ilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Na si siku za kalenda, jamani. Siku uliyomaliza kazi uliyopangiwa ndiyo inayowekewa alama. Ukiugua, au ukiishia njiani, siku hiyo haipo. Mshahara unausubiri mpaka zitimie zote 30.

Nikampigia bibi. Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekata. Halafu akasema kipande cha babu kipo, kakitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikashangaa, mbona hakukirudisha alipolipwa?

"Hicho hakikujaa, mjukuu wangu. Kiliishia 26, akaugua. Akaondoka nacho."

Babu alifariki mwaka 2013, nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Likizo nikishuka Mkata, kabla hata ya kuoga, nitafungua lile kopo nisome namba.