Nasaba ya Magari na Hukumu ya Njia

Wapenzi wa ushairi hawaoni taabu kufuata nasaba. Tunajua jinsi bahari ya utenzi inavyopita mikononi mwa watunzi wengi, kila mmoja akiivika maneno ya zama zake, ilhali mizani yake inabaki ile ile. Basi isiwe ajabu nikisema kwamba magari nayo yana nasaba, na kwamba nasaba ya magari ya mbio ya Waingereza husomeka vizuri ukiwa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga.

Uingereza ilitoka katika Vita Vikuu vya Pili na ushindi mkononi na madeni mgongoni. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na waliopendelewa ni wale waliouza bidhaa ng'ambo na kuleta dola. Katika dhiki hiyo, mwaka 1948, walizaliwa ndugu wawili wasiofanana. Mwezi wa Aprili, kampuni ya Rover ilionyesha Land Rover mjini Amsterdam. Mwezi wa Oktoba, Jaguar ikaonyesha XK120 mjini London. Mmoja alikuwa wa shamba, mwingine wa fahari. Hata hivyo wote wawili walivikwa alumini: Land Rover kwa uhaba wa chuma, na XK120 kwa magari yake ya mwanzo tu, kabla ya kuhamia chuma mwaka 1950.

Huyu wa fahari aliacha kizazi. Alifuatwa na XK140 mwaka 1954, XK150 mwaka 1957, kisha E-type mwaka 1961. Umbo lilibadilika kila mara, lakini injini ilirithiwa, kama mizani inavyorithiwa na watunzi. Ukoo wa MG nao ulikuwa na silsila yake: TC ya mwaka 1945, MGA ya 1955, MGB ya 1962. Mengi ya magari hayo yalivuka bahari kwenda Marekani kutafuta dola.

Na huku kwetu? Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, ambayo leo imo katika wilaya hiyo hiyo ya Kishapu. Mwaka 1947 machimbo hayo yalitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Ilitunukiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake, ikachongwa London hadi karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Wasiseme pete huchimbwa na nani.

Mwaka huo huo wa 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia huyo, yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo ndipo njia ilipoketi kuhukumu. Baadaye yakawa yakifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamewadia. Anayejua udongo mweusi wa mbuga za Usukuma, unaonata kama ulimbo mvua inyeshapo na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ataelewa mashitaka. Magari ya Uingereza yalishinda, lakini yalikuwa ya watu wa kawaida: Ford Zephyr mwaka 1955, Cortina mwaka 1964, Escort mwaka 1972. Jaguar, MG, Triumph na Austin-Healey hazikupata kuwa za kwanza hata mara moja.

Gari la fahari lilishinda hatimaye, ila lilitoka Japani. Datsun 240Z, yenye pua ndefu na injini ya silinda sita kama E-type, ilishinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari hilo hilo lilikuwa likiwavuta wanunuzi wa Marekani. Mwaka 1980 kiwanda cha MG cha Abingdon kilifungwa.

Yule ndugu wa shamba aliishi zaidi. Land Rover la mwisho la ukoo ule wa kale lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Lakini lilikuwa limekwisha kupata uraia mwingine: vijijini halikuitwa kwa jina la kigeni, bali landrova, neno lenye irabu mwishoni kama yalivyo maneno yetu karibu yote.

Hapa ndipo pa kutafakari. Kito kilichotoka katika ardhi yetu kinajulikana duniani kwa jina la Williamson, si la Mwadui. Gari lililotoka kwao limebaki midomoni mwetu kwa matamshi yetu. Almasi hatukuweza kuizuia, kwa kuwa aliyeitoa hakutuuliza. Jina tuliweza, kwa kuwa hakuna awezaye kuuliza ulimi ruhusa. Watunzi na walinde mgodi huo uliobaki.