Gari Lililonyimwa Kukua

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nataka tuutazame msemo huo kwa kupitia historia ya gari dogo moja ambalo kwa zaidi ya miaka 30 halikuhitaji kutembezwa hata kidogo. Waliolitaka walijiandikisha, wakasubiri miaka 10, wengine zaidi ya hapo, na siku ya kulichukua ilikuwa siku ya sherehe nyumbani. Lakini watu hao hao walipopata ruhusa ya kuchagua, wengi wao waliliacha kando ya barabara wakaenda zao bila kugeuka nyuma. Gari hilo ni Trabant, gari la familia la Ujerumani Mashariki.

Wengi wetu tunawakumbuka Wajerumani wa Mashariki kwa mambo mengine. Ndugu zetu wa Zanzibar, kwa mfano, wanayo majumba ya ghorofa ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa nchi hiyo baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini kule Ulaya, ukiitaja Ujerumani Mashariki, mtu huliona kwanza gari hili dogo, na mara nyingi hulitaja kwa kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichonisukuma nilizungumzie leo, maana nadhani kinawaangukia watu wasiostahili kuchekwa.

Basi tuanzie mwanzo. Trabant liliundwa katika mji wa Zwickau, ulioko Sachsen, kusini mwa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mji huo haukuwa mgeni katika kazi ya magari. Mhandisi August Horch alihamishia huko kiwanda chake mwaka 1904. Baadaye aligombana na wenzake, akatoka, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni nyingine katika mji huo huo. Kampuni hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kuitwa Audi. Mwaka 1931 karakana za Audi za hapo Zwickau zilianza kuunda gari dogo la bei nafuu la DKW, lenye injini ya mipigo miwili na lililovutwa na magurudumu ya mbele. Wakati huo magari mengi duniani yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka uliofuata kampuni nne, yaani Audi, DKW, Horch na Wanderer, ziliungana zikawa Auto Union. Zile pete nne tunazoziona hata leo kwenye magari ya Audi ni alama ya muungano huo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Ilipokwisha mwaka 1945, Zwickau ikawa chini ya majeshi ya Urusi ya Kisovieti. Mashine nyingi zilifunguliwa zikapelekwa mashariki kama fidia ya vita, na viwanda vikafanywa mali ya umma. Baadhi ya wakubwa na mafundi walikimbilia upande wa magharibi, na mwaka 1949 wakaianzisha upya Auto Union katika mji wa Ingolstadt. Ndugu msikilizaji, shika jambo hili, maana tutalirudia: ukoo mmoja wa mafundi uligawanyika nyumba mbili. Wote walikuwa na ujuzi ule ule, na wote walianza wakiwa na mifuko mitupu.

Katikati ya miaka ya 1950, serikali ya Ujerumani Mashariki ilitaka gari dogo ambalo mfanyakazi wa kawaida angeweza kulinunua, akaingia yeye, mkewe, watoto wawili na mizigo yao. Tatizo la kwanza lilikuwa bati. Bati jembamba la chuma linalofaa kwa bodi ya gari lilikuwa adimu upande huo, na nchi za Magharibi zilikuwa zimeweka vikwazo vya kuwauzia. Wahandisi wa Zwickau hawakukaa kulia. Walichukua masalia ya pamba kutoka Urusi, wakayachanganya na gundi ya kemikali, wakayakandamiza kwa mashine zenye joto kali hadi yakatoka mabamba magumu na mepesi yasiyoshika kutu. Mabamba hayo waliyaita Duroplast. Waliyajaribu kwanza katika gari lililoitwa P70, mwaka 1955, na yalipofaulu wakayafunga juu ya mifupa ya chuma ya gari jipya.

Gari hilo jipya lilianza kuundwa tarehe 7 Novemba 1957, siku ya kuadhimisha miaka 40 ya Mapinduzi ya Urusi. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Warusi walikuwa wamerusha Sputnik, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Jina Trabant lilichaguliwa kwa roho hiyo hiyo, maana kwa Kijerumani ni mwenzi anayefuatana na mwingine, au satelaiti.

Je, lilikuwa gari baya? Tuwe waadilifu. Injini yake ilikuwa na silinda mbili, sentimita za ujazo 500, na nguvu za farasi 18. Katika mwaka huo huo wa 1957, Waitaliano walitoa Fiat 500 ikiwa na nguvu za farasi 13. Injini ya Trabant ililala kwa upana wa gari na kuvuta magurudumu ya mbele, na kwa hiyo nafasi kubwa ilibaki kwa abiria. Mpangilio huo ndio uliolipa sifa gari la Kiingereza la Mini, lililotoka mwaka 1959, miaka miwili baadaye. Injini ilipozwa kwa upepo, kwa hiyo hapakuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuganda wakati wa baridi. Tangi la petroli liliwekwa chini ya boneti, juu kuliko injini, mafuta yakateremka yenyewe bila pampu. Kwa miaka mingi halikuwa hata na geji ya mafuta. Dereva alichovya kijiti ndani ya tangi akaangalia kimelowa hadi wapi. Fundi wa kawaida aliweza kulifungua na kulifunga uani kwake.

Lilikuwa na kasoro, tena kubwa. Injini ya mipigo miwili ni ya aina ile ya pikipiki ndogo za zamani, ambayo haina oili yake ya pekee. Oili huchanganywa ndani ya petroli na kuungua pamoja nayo. Matokeo yake ni moshi wa kibuluu, harufu kali na kelele. Mwaka 1957 wengi walivumilia hayo, maana magari mengine madogo ya Ulaya yalikuwa na tabia hiyo hiyo, na ilieleweka kwamba mambo yangeboreshwa kadiri siku zinavyokwenda.

Na kweli mwanzoni yaliboreshwa. Mwaka 1962 injini iliongezwa ikafika karibu sentimita za ujazo 600. Mwaka 1964 likaja umbo jipya, lenye mistari iliyonyooka, likaitwa Trabant 601. Haukupita muda mrefu wahandisi, wakiongozwa na Werner Lang, wakaanza kazi ya gari la kulifuata. Waliliita P603. Lilikuwa na mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kuelekea juu, na walilifanyia majaribio kwa injini za aina mbalimbali. Kumbuka ilikuwa ni katikati ya miaka ya 1960. Volkswagen ya Ujerumani Magharibi bado ilikuwa inategemea lile gari lake la mgongo wa kobe, lenye injini nyuma. Ilipofika mwaka 1974 nayo ikatoa Golf, lenye injini mbele iliyolala kwa upana na mlango mkubwa nyuma. Gari hilo likawa miongoni mwa magari yaliyouzwa sana kuliko yote Ulaya.

Sasa, msikilizaji, P603 ilikwenda wapi? Mwaka 1968 ilitoka amri kutoka juu kwamba kazi hiyo isimamishwe. Wahandisi wakainamisha vichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakajaribu tena, safari hii kwa kushirikiana na Chekoslovakia, ili nchi mbili zigawane gharama za gari moja. Mwaka 1973 mpango huo nao ukavunjwa. Wakachora jingine, P610. Mwaka 1979 viongozi wa chama tawala wakaamua nalo lisiendelee. Mara tatu walilima, mara tatu shamba likafungwa kabla ya mavuno.

Si haki kusema viongozi hao hawakuwa na sababu yoyote. Fedha zilikuwa chache. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka mbele ujenzi wa nyumba za wananchi, na bei ya mkate na kodi ya nyumba zilishikiliwa chini. Kiwanda kipya cha magari kinahitaji mashine mpya, na mashine mpya zinahitaji fedha za kigeni. Kiongozi mwenye mzigo huo anaweza kujiuliza: kwa nini nibadilishe gari ambalo watu wanapanga foleni kulinunua?

Hapo ndipo penye mtego. Foleni ya Trabant ilihesabiwa kama ushahidi kwamba gari linapendwa, kumbe ilikuwa ushahidi kwamba hakuna jingine. Wazazi waliwaandikisha vijana wao mara walipofika umri wa miaka 18, ili zamu yao ifike kabla hawajazeeka. Gari lililokwisha kutumika liliuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya kutoka kiwandani, kwa kuwa lile la mkononi ungeliendesha leo, na jipya ungeliendesha baada ya miaka 12. Katika hali kama hiyo kizuri hakijiuzi wala kibaya hakijitembezi, bali chochote kilichopo hununuliwa. Mwenye duka asiyeweza kupoteza mteja hana namna ya kujua kama bidhaa yake imechakaa.

Hivyo Trabant 601 ikaendelea kuundwa mwaka baada ya mwaka. Taa ziliongezewa nguvu, breki zikarekebishwa, umeme wake ukapandishwa hadi volti 12. Umbo lilibaki lile la mwaka 1964 na moshi ukabaki ule ule. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikua, akaoa, naye akapata watoto, akawapakia katika gari lile lile alilopakiwa yeye.

Mwaka 1984 serikali ilikubaliana na Volkswagen kuunda injini za mipigo minne nchini humo kwa leseni. Gharama zilikuwa kubwa mno, na Trabant yenye injini hiyo haikuanza kutoka kwa wingi hadi Mei 1990. Kufikia hapo wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Katika kiangazi cha 1989 maelfu ya familia walikwenda likizo Hungaria na Trabant zao, na mpaka wa Austria ulipofunguliwa tarehe 11 Septemba, wakavuka. Wengine walikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague, na magari yao yakabaki mitaani. Tarehe 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguka, na dunia nzima ikaona kwenye televisheni misururu ya Trabant ikivuka, huku watu wa upande wa pili wakiyapiga mapaa yake kwa furaha.

Tarehe 1 Julai 1990 fedha ya Ujerumani Magharibi ikawa fedha ya wote. Kuanzia siku hiyo aliyekuwa na akiba angeweza kununua gari lolote, na ile foleni ya miaka 12 ikayeyuka kama barafu juani. Trabant ya mwisho ilitoka kiwandani tarehe 30 Aprili 1991. Kwa jumla yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 3. Ile yenye injini mpya haikufika hata 40,000. Maelfu ya wafanyakazi wa Zwickau walirudi nyumbani bila kazi, na juu ya kukosa kazi wakabebeshwa mizaha ya Ulaya nzima.

Sasa turudi kwenye ule ukoo uliogawanyika. Wa Ingolstadt leo wanasifiwa kwa ufundi wao duniani kote. Wa Zwickau walichekwa. Je, wa kwanza walikuwa na akili kuliko wa pili? Michoro ya mwaka 1968 inasema hapana. Mafundi wa Zwickau waliiona njia mapema, wakaionyesha, wakaambiwa wakae chini. Tofauti ni kwamba wa Ingolstadt walikuwa na mteja anayeweza kuondoka, na kwa ajili hiyo bwana wao alilazimika kuwasikiliza.

Historia ya Zwickau haikuishia hapo. Volkswagen ilijenga kiwanda nje kidogo ya mji huo, na mwaka 1990, kabla hata ya Trabant ya mwisho kutoka, magari yake yalianza kuunganishwa huko. Mwaka 2019 kiwanda hicho kilianza kuunda magari ya umeme, mikono ya watoto na wajukuu wa wale waliochekwa ikiwamo kazini. Katika jumba la makumbusho la August Horch, mjini humo humo, Trabant zimehifadhiwa pamoja na magari ya fahari ya zamani, kama wajukuu waliopigwa picha na babu zao.

Basi, ndugu msikilizaji, siku ukiona foleni ndefu mbele ya mlango wowote, uwe wa duka au wa ofisi, usifanye haraka kumsifu mwenye mlango. Uliza kwanza kama mtaani kuna mlango mwingine. Na ukibahatika kuwa wewe ndiye mwenye mlango, mwite fundi wako aliyenyamaza kwa muda mrefu, umwombe akuonyeshe michoro aliyoificha kabatini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.