Chuku na Ahadi: Kufifia kwa Sanaa ya Maandishi Katika Matangazo ya Biashara

Mtahiniwa anapoulizwa sifa za sajili ya matangazo ya biashara, aghalabu huorodhesha hizi: sentensi fupi, takriri, chuku na kuchanganya ndimi. Orodha hiyo si makosa. Hata hivyo, inaeleza tangazo la kisasa tu, na humfanya mwanafunzi aamini kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu jadi. Historia inaonyesha vingine.

Mnamo 1891, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza katika gazeti la Pall Mall Gazette, London, kwamba ingemlipa pauni 100 yeyote ambaye angetumia kifaa chake cha kuvutia dawa puani mara 3 kwa siku kwa wiki 2, kisha ashikwe na homa ya mafua. Iliongeza kuwa pauni 1,000 zilikuwa zimewekwa benki kuthibitisha nia yake. Bi. Louisa Carlill alikitumia kifaa hicho, akaugua, akadai haki yake. Kampuni ilijitetea kwamba maneno yale yalikuwa chuku ya kibiashara tu. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ilikataa utetezi huo, kwani aliyetaja kiasi na benki hakuwa akitia chumvi. Maneno yaliyoandikwa kwa ukamilifu yalimfunga aliyeyaandika.

Waandishi waliofuata waliufanya umahususi huo kuwa sanaa. Claude Hopkins wa Marekani, katika kitabu chake Scientific Advertising cha 1923, alishikilia kuwa dai mahususi huaminika kuliko sifa za jumla. Mwaka 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la gari la Rolls-Royce lenye maneno zaidi ya 600. Kichwa chake hakikusema kuwa gari ni tulivu. Kilidai kuwa likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa zaidi ndani yake ni ya saa ya umeme. Hiyo ni taswira sikivu ya kupigiwa mfano, lakini pia ni dai ambalo mnunuzi angeweza kulipima kwa masikio yake.

Televisheni ilipoenea, picha na muziki vilitwaa kazi ya maneno, na muda wa tangazo ukahesabiwa kwa sekunde. Kufikia 1988, kaulimbiu mashuhuri ya Nike ilikuwa na maneno 3 tu. Inaamrisha, haiahidi. Hakuna Bi. Carlill awezaye kuipeleka mahakamani.

Je, ubunifu umekufa? La hasha. Hapa Kenya, kampuni ya Safaricom iliuita mkopo wake wa muda wa maongezi Okoa Jahazi. Ni istiari teule iliyotokana na ubaharia: aliyeishiwa ni nahodha, na simu yake ni chombo kinachozama. Walakini, istiari hiyo inataja wokovu pekee. Kwamba huo ni mkopo wenye ada, mteja huelezwa kwingine. Vivyo hivyo, katika matangazo mengi ya leo maelezo kamili yamehamia chini kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya kauli kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa. Sanaa imebaki juu na ahadi imeshuka chini. Zamani zilikaa katika aya moja. Huku ndiko kufifia ninakozungumzia, wala si ufupi wenyewe, kwani methali nayo ni fupi.

Kwa hivyo, mwalimu anapofundisha sajili hii, asitosheke na orodha ya sifa. Awape wanafunzi tangazo halisi na maswali mawili: ni maneno yapi ya chuku, na yapi ni ahadi inayoweza kuthibitishwa? Ni jambo gani muhimu ambalo halikutajwa? Mwanafunzi ajibuye maswali hayo atapata alama zake, na siku akiwa mnunuzi hatauziwa mbuzi kwenye gunia.