Wali, Pilau na Bokoboko: Nyama na Nafaka katika Historia ya Maneno ya Pwani

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tanja nchini Moroko, alitia nanga Mogadishu, akapokewa kwa chakula ambacho baadaye alikieleza kwa urefu usio wa kawaida. Uliletwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake mchuzi wa nyama, kuku, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu na vichala vya pilipili vilivyosindikwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mchuzi ule, asema, wenyeji waliuita kushan.

Mogadishu haikuwa lazima mji wa Waswahili, lakini ilikuwa katika njia ile ile ya biashara iliyomfikisha msafiri huyo Mombasa na Kilwa. Wali uliotiwa mchuzi wa nyama juu yake ungali unapakuliwa katika pwani yote hiyo. Neno kushan ndilo lisilosikika tena katika vinywa vya Waswahili.

Kisa hiki kinatosha kumtahadharisha mwanaisimu. Waandishi wengi wa historia ya pwani walizoea kuyahesabu maneno ya kukopa kama karani ahesabuvyo shehena bandarini: neno likiwa la Kiarabu, basi na kitu chenyewe kimetoka Arabuni. Kwa hesabu hiyo Mswahili alifanywa mtu aliyepewa kila alicho nacho, hata kilichomo chunguni mwake. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985 kuhusu Waswahili, waliipinga picha hiyo kwa ushahidi wa sauti na sarufi. Jikoni, hata hivyo, hakujachunguzwa vya kutosha, ingawa ni huko ambako neno na kitu huachana njia mara kwa mara.

Chukua neno wali. Mswahili ana mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini, na asiyejua angedhani kuwa maneno haya matatu yalizaliwa siku moja na zao lenyewe. Lakini Wamijikenda, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, husema wari, nao wanakusudia chakula cha unga uliosongwa, yaani kile ambacho wengine hukiita ugali. Neno ni moja. Lilikuwa jina la chakula kikuu cha nafaka, nafaka yoyote iliyokuwapo. Akiolojia inaafikiana na jambo hili: huko Tumbe, kisiwani Pemba, mabaki ya nafaka ya karne za mwanzo za mji huo ni ya uwele zaidi, na mchele unazidi baadaye, katika mji jirani wa Chwaka uliostawi tangu karne ya 11. Mchele ulipokuwa chakula cha heshima ulikalia kiti cha uwele na kulirithi jina lake. Hapa kitu ni kigeni, na jina ni la nyumbani.

Viungo vina mambo yake. Kiarabu hakina sauti p. Pilipili kwa Mwarabu ni filfil. Kwa hiyo p mbili za neno letu zinaelekeza Uajemi au India, si Arabuni. Mdalasini nao una asili ya Kiajemi, darchini, yaani mti wa China. Lakini Kiswahili, ambacho hakina taabu yoyote na sauti ch, kimelipokea neno hilo likiwa na s, kwa sababu lilipitia kwanza katika ulimi wa Kiarabu. Viungo viwili vinavyotiwa katika nyama moja vimefika kwa njia mbili. Tena pilipili za vichala alizoziona Ibn Battuta haziwezi kuwa hizi kali nyekundu za leo, ambazo asili yake ni Amerika na hazikuvuka bahari kabla ya 1492. Mgeni huyo alipofika, alilitwaa jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kuongezewa sifa ili atambulikane: pilipili manga. Kuhusu pilau inatosha kusema kwamba p yake inatoa ushahidi ule ule.

Chakula kinachostahili kukawiwa ni bokoboko. Ngano iliyokobolewa hulowekwa, kisha huchemshwa pamoja na nyama ya kondoo, mbuzi au kuku. Moto hupunguzwa, chungu huachwa kwa saa nyingi. Mifupa ikisha kutolewa, mwiko hupigwa bila kupumzika hadi nyama ichambuke nyuzinyuzi na kushikamana na ngano, isijulikane tena ipi nyama na ipi nafaka. Hupakuliwa kwa samli na vitunguu vya kukaanga.

Kitabu cha mapishi cha Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, kilichoandikwa mwaka 1226, kinaeleza upishi huo huo: nyama na ngano hukaa motoni usiku kucha, kisha humiminiwa mafuta ya mkia wa kondoo na kunyunyiziwa bizari nyembamba na mdalasini. Jina lake huko ni harisa, kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuponda. Hakuna shaka kwamba hiki ndicho bokoboko chetu. Ngano yenyewe haikuwa zao la pwani.

Hata hivyo, katika miji iliyotawaliwa na Waomani na kujaa wasemaji wa Kiarabu, jina lililoshika ni bokoboko, na kamusi ya Johnson ya 1939 inalieleza kuwa chakula cha ngano na nyama. Umbo lake ni la uradidi, sawa na rojorojo na tepetepe. Mwarabu alikipa chakula jina la kazi ya mpishi. Mswahili alikitazama kikiwa sahanini, akakiita kwa ulaini wake. Yamkini sababu ni kwamba kilijifunzwa jikoni, mkono kwa mkono, na si sokoni, ambako bidhaa huuzwa pamoja na jina lake.

Mwezi Desemba 2023, kamati ya UNESCO iliyokutana Kasane, Botswana, iliingiza harisi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudia. Ni haki yao. Lakini mtafiti atakayeichukua orodha hiyo na kulisaka neno hilo katika kamusi za Kiswahili, chini ya herufi H, huenda akatoka mikono mitupu na kuandika kwamba chakula hicho hakikufika pwani, ilhali Unguja kinapigwa mwiko kila Idi.